Shairi Si Risala ya Mgeni Rasmi

Oktoba iliyopita nilialikwa kwenye mahafali ya kidato cha nne katika shule moja ya sekondari mjini Korogwe. Sikuwa mgeni rasmi. Niliketishwa meza kuu kwa heshima ya kuwa mtoto wa Old Korogwe aliyefika chuo kikuu. Ratiba ilikwenda kama ratiba zote za mahafali ziendavyo: wimbo wa taifa, taarifa ya mkuu wa shule, risala ya wahitimu, kisha ngonjera. Wanafunzi wanane walijipanga mstari mmoja, wakamsifu mgeni rasmi kwa beti kumi na mbili zenye vina vilivyonyooka na mizani zilizotimia. Mgeni alifurahi, akatoa noti kadhaa, wazazi wakapiga makofi na vigelegele.

Shughuli ilipokwisha nilikuta karatasi ya ngonjera ile imesahauliwa juu ya kiti. Ilikuwa imerudufiwa mara nyingi hata wino wake umefifia. Kila mahali ambapo jina la mgeni lilitakiwa kutajwa paliachwa nukta nukta, na juu ya nukta hizo majina yalikuwa yameandikwa kwa penseli, yakafutwa, yakaandikwa mengine. Kumbe shairi lile lilikwisha kuwasifu wageni wengi kabla ya huyu, kwa busara ileile na kwa uchapakazi uleule. Mtunzi wake, ambaye hakuna aliyemkumbuka, alikuwa fundi kwelikweli: aliacha nafasi ya mizani nne, na jina lililozidi hapo lilifupishwa.

Nikiwa natoka getini, msichana wa kidato cha tatu alinifuata. "Shikamoo, mwalimu." Nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu." Akanipa daftari la kurasa chache na kuniomba nimwangalizie shairi lake kama lina makosa. Nilifanya kile ambacho miaka mingi ya ualimu imenizoesha kukifanya: kabla ya kusoma, nilianza kuhesabu. Mizani nane, nane, nane, nane. Katika ubeti wa tatu nikakuta kipande chenye mizani sita. Nikachomoa penseli.

Shairi lilimhusu mama yake, ambaye huuza machungwa kwa abiria wa mabasi na hurudi nyumbani usiku. Kwa ruhusa yake nakitaja kipande hicho kilichopelea, ambacho ni maneno ya mama akifika mlangoni: "Hodi, umekula?" Nilimwelekeza kwamba kinaponyeka kwa urahisi, aongeze neno moja tu, kiwe "Hodi mwana, umekula?" na mizani zitatimia. Alilitazama pendekezo langu kwa muda, kisha akasema kwa adabu, "Lakini mwalimu, mama hasemi mwana. Husema hivyo tu."

Mimi nilizijua sheria za ushairi. Yeye alimjua mama yake. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni yupi kati yetu aliyekuwa akizungumza habari ya ushairi.

Makala haya yanahusu tofauti ya mashairi hayo mawili. La kwanza halina dosari ya kiufundi, ila unaweza kulitoa jina la mtu ukapachika la mwingine na lisitikisike. La pili lina dosari ya kiufundi, ila huwezi kugusa hata neno moja bila ya kumwondoa mtu aliyemo ndani yake. Naamini kwamba kutunga shairi, katika maana yake ya msingi kabisa, ni mtu kusema jambo ambalo hakuna mwingine awezaye kulisema kwa niaba yake. Naamini pia kwamba shule zetu, ofisi zetu na majukwaa yetu yamejenga mazoea ya kumzuia mtu asilifikie tendo hilo.

Sisi wa Korogwe tuna sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Mji wetu ulikuzwa na reli na mkonge. Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na mwaka huohuo mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliingiza nchini miche ya mkonge kutoka Florida. Inasimuliwa kwamba kati ya miche 1,000 aliyoagiza, iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo yakaenea mashamba yaliyoizunguka Korogwe, Magunga na Ngombezi yakiwamo, na kufikia miaka ya uhuru nchi yetu ilikuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo. Mashamba yalihitaji watu wengi kuliko waliokuwapo, kwa hiyo watu wakatafutwa mbali: Kigoma, Songea, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi maalumu ya kuwakusanya, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kazi yao ilihesabiwa katika kipande, kadi ya siku thelathini, na siku ambayo mkataji hakutimiza idadi ya matita yake haikuandikwa.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alitoka Kasulu akiwa kijana, akakata mkonge, akazeekea Old Korogwe. Mwaka wa kuzaliwa kwake hakuujua, lakini namba yake aliikumbuka mpaka anaingia kaburini. Ukimwamsha usiku angeweza kuitaja. Jioni, akiwa amenyoosha miguu ukutani, alikuwa akiimba kwa Kiha. Wimbo mmoja ulikuwa na jina la mwanamke, na jina hilo halikuwa la bibi yetu. Bibi alipousikia aliinuka taratibu akaenda jikoni, wala hakuna aliyesema neno. Sisi wajukuu tulicheka. Leo naelewa kwamba hapo ndipo mahali pekee katika siku nzima ambapo mzee yule hakuwa namba. Daftari la shamba lilimhesabu siku zake. Wimbo ule ulikuwa hesabu yake mwenyewe ya yale aliyoyaacha.

Sikuuandika. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimebeba mkobani Sheria za Kutunga Mashairi ya Amri Abedi, nikiutafuta ushairi maktabani. Babu alifariki na nyimbo zake zote.

Wapo watakaosema kwamba ushairi wa nafsi ni jambo la kuazima, kwamba ushairi wetu tangu zamani ni sauti ya jamii: kuonya, kufundisha, kusifu na kuhifadhi historia. Ni kweli kwamba sauti hiyo tunayo, na ni hazina. Hapa hapa mkoani Tanga, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliusimulia uvamizi wa Wajerumani katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, na bila yeye tungeijua vita ile kwa maandishi ya wavamizi pekee. Lakini kusema kwamba hiyo ndiyo sauti yetu ya pekee ni kuisoma historia kwa jicho moja. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa na akihisi kwamba siku zake zimekaribia, alimtungia utenzi binti yake. Mafunzo yake kuhusu mume na nyumba yanaweza kujadiliwa, na wanafunzi wangu huyajadili kwa ukali kila mwaka. Lisilojadilika ni chanzo chake: mama mmoja anamwita mtoto wake mmoja aje aketi karibu. Jamii iliupokea utenzi huo baadaye, haikuwa imeuagiza.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga. Ningependa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wamfikirie kwa upande ambao hatuufikirii mara kwa mara. Kuanzia mwaka 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha. Baadaye alihudumu katika idara ya mifugo kule Mpwapwa, na kisha katika ofisi za serikali mjini Tanga. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia katika lugha ya nyaraka, ile lugha isiyokuwa na mtu ndani yake. Tunaijua vizuri: "Tafadhali rejea barua yako", "unaelekezwa", "imeamuliwa". Nani ameamua? Nyaraka haisemi, na imeandikwa ili isiseme. Mtu aliyeshinda mchana kutwa katika sentensi za aina hiyo alirudi nyumbani akamtungia mkewe Amina shairi la maombolezo, akamtungia bintiye utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume utenzi wa Adili. Sidhani kwamba alikuwa akijiburudisha. Nadhani alikuwa akihakikisha kwamba karani hajammaliza mtu.

Hapa sharti niseme neno kuhusu vina na mizani, maana najua mjadala utaelekea huko. Tangu Euphrase Kezilahabi achapishe Kichomi mwaka 1974, wasomi wetu wamegawanyika kati ya wanaotetea arudhi na wanaotetea ushairi huru, na vijana wengi wamejifunza kuamini kwamba kujieleza maana yake ni kuvunja kanuni. Siamini hivyo. Ushahidi mkubwa kabisa dhidi ya imani hiyo ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu chake Kenya: Twendapi? Miaka mitatu ya kifungo ilimpa mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973. Mashairi hayo yamefuata kaida za jadi kwa ustadi wa hali ya juu, na hata hivyo ni machache sana katika lugha yetu yaliyo ya ndani kuliko hayo. Mfungwa aliyenyang'anywa kila kitu aliona kwamba vina ni mali ambayo askari jela hawezi kuitwaa. Kwa mtu kama huyo, kanuni ni mahali pa kusimama.

Kwa hiyo tatizo halimo katika mizani. Mizani ni chombo kama ulivyo mtumbwi kwa mvuvi wa Mto Pangani, na hakuna haja ya kuutoboa mtumbwi ili kuonyesha kwamba unavua kwa uhuru. Tatizo ni kuwafundisha vijana wahesabu mbao za mtumbwi mwaka mzima pasipo kuwaambia kwamba mtoni kuna samaki. Sheikh Amri Abedi, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria wa nchi hii, aliandika sheria zake mwaka 1954 ili kuwasaidia watu watunge. Sisi walimu tumezigeuza kuwa sheria za kumkamata anayetunga. Mimi mwenyewe nilikuwa na penseli mkononi.

Itazame namna tunavyofundisha ushairi sekondari. Mwanafunzi hupewa Wasakatonge au Malenga Wapya, akaagizwa aoneshe fani na maudhui: dhamira nne, tamathali nne, ujumbe, falsafa. Hujifunza kuanza kila jibu kwa maneno "mshairi anaiasa jamii". Baada ya miaka minne ya kuasiwa, kijana huyo akiombwa atunge, atatunga nini kama si kuasa? Ataandika kuhusu UKIMWI, rushwa na utunzaji wa mazingira, mambo yote ya kweli na ya haki, kwa maneno ambayo angeweza kuyaandika mtu yeyote. Hajawahi kuulizwa: wewe umeona nini?

Asili ya mazoea haya nayo ni ya heshima, wala siidharau. Mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwaita washairi na kuwaomba wauelezee umma siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Mathias Mnyampala alilibeba ombi hilo kwa moyo wote, na ngonjera zikaenea mashuleni nchi nzima. Taifa lilikuwa changa, wengi hawakujua kusoma, na shairi lililoghanwa lilifika mahali ambapo gazeti halikufika. Lakini chombo kilichobuniwa ili watu wajibizane kuhusu mustakabali wa nchi kimepungua mwaka hadi mwaka, hata kikawa karatasi yenye nukta nukta za kujazia jina la mkubwa. Mnyampala angeiona karatasi niliyoiona mimi, sidhani kama angefurahi.

Kwa upande wa pili wapo wanaharakati, na wengi wao ni wanafunzi wangu. Wao huniambia kwamba nchi ina migogoro ya ardhi, vijana hawana ajira, na shairi la "mimi" ni anasa ya wenye nafasi. Nawajibu kwa shairi la machungwa. Serikali ina jina la mama yule: mjasiriamali mdogo. Taasisi zinazotoa mikopo zina jina lake: mnufaika. Katika taarifa zote hizo hutaona kwamba mama huyo, baada ya kukimbiza madirisha ya mabasi mpaka usiku, jambo la kwanza analouliza mlangoni ni kama mtoto amekula, na kwamba hana nguvu ya kuongeza hata neno moja la mapenzi. Mizani mbili zilizopungua ni uchovu wake. Kama harakati hazina nafasi ya kulisikia hilo, basi nazo zitamgeuza kuwa namba, namba nzuri zaidi pengine, yenye nia njema, lakini namba. Kauli mbiu huimbwa na wote na hiyo ndiyo nguvu yake. Shairi husemwa na mmoja, na wengine wakajitambua ndani yake. Harakati zinavihitaji vyote viwili.

Kuna pia hofu, na ingekuwa unafiki kwangu kuipita kimya. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Hata hivyo, tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, nimeona wanafunzi wakifuta beti zao kwenye simu kabla hawajazituma kwa yeyote. Machi 2017 msanii Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo, kisha akaachiwa na wimbo ukaruhusiwa baada ya wakubwa kuupenda. Wengi tulishangilia. Mimi nilibaki na swali: je, wasingeupenda? Uhuru unaotegemea ladha ya msikilizaji mkuu haujawa haki. Bado ni fadhila. Na mtu aliyezoea kuomba fadhila ili aseme, mwishowe hujifunza kusema yale tu yatakayopendwa. Akifika hapo, karatasi ya nukta nukta imehamia ndani ya kichwa chake, wala haihitajiki tena sheria ya kumzuia.

Nifanye nini basi, na tufanye nini? Sina mpango mkubwa. Kwa walimu wenzangu: kila muhula tumpe mwanafunzi nafasi ya kutunga shairi moja juu ya jambo alilolishuhudia mwenyewe, tulisome lote kwanza, tumwambie tulichokisikia, na hesabu ya mizani ije mwisho. Kwa wakuu wa shule: mgeni rasmi anayetaka kujua hali ya vijana wetu atajifunza zaidi kwa shairi moja la kweli kuliko kwa beti kumi na mbili za kumtaja jina. Kwa watumishi wa umma: kuweni na daftari moja lisilo na kumbukumbu namba, hakuna aliyewazuia kufanya alichokifanya karani wa forodha. Na kwa wanafunzi wa Korogwe na Handeni: wazee waliokuja kwa namba bado wapo wachache, pamoja na wake na watoto wao wanaozikumbuka nyimbo zao. Simu mnazo. Waombeni waimbe, rekodini, andikeni jina la mwimbaji kamili. Msisubiri hadi mpate shahada, kama nilivyosubiri mimi.

Msichana yule sasa yuko kidato cha nne. Nimesikia kwamba ameteuliwa kuwa miongoni mwa watakaoghani ngonjera ya mahafali ya mwaka huu, na sina shaka ataighani vizuri, kwa kuwa ana sauti na ana sikio. Ombi langu kwa walimu wake ni moja tu. Siku hiyo, mama yake akiwa ameketi miongoni mwa wazazi, na iwapo binti mwenyewe ataridhia, wampe dakika tatu za ziada asome na lile lingine. Maandishi yangu ya penseli nilikwisha kuyafuta. Kile kipande nilikiacha na mizani zake sita.